Doa Halina Mdomo

Doa halina mdomo, ndiyo maana kila mtu hulisemea. Ukitaka kujua majirani zako wanakula wapi, huna haja ya kuwauliza kazi zao. Tandaza kitambaa chenye doa ambalo halijulikani lilikotoka, kisha ukae kimya. Fundi wa mabati ataona paa linalovuja. Kijana wa agroveti ataona viroboto. Mkulima wa tumbaku ataona tumbaku. Mama wa maombi ataona mkono wa adui. Mwenye nyumba ataona diposti.

Nayasema haya kwa kuwa nimeishi Kehancha nikiwa na paka, na wakati huohuo nikiwa na vitambaa vyeupe vya makochi. Mtu mwenye akili timamu huchagua kimoja.

Vitambaa kwanza. Kehancha, kwa asiyeijua, ni makao makuu ya Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, mji wa mahindi, tumbaku, ng'ombe na pikipiki, na mwaka wake una misimu miwili tu: wa vumbi na wa matope. Katika mji wa namna hiyo mamangu alinifumia vitambaa vya uzi mweupe pe: vya mgongo wa kochi, vya mikono ya kochi, cha meza, cha redio, na kimoja ambacho hadi leo sijajua kinavishwa nini. Mkenya yeyote anajua kwamba kitambaa cha kochi si pambo, ni cheti cha malezi. Mgeni akiingia akakikuta kimechafuka, hakulaumu wewe; anamlaumu aliyekuzaa.

Paka naye nilimtoa Isebania, pale mpakani tunapotazamana na Sirari ya Tanzania, akiwa ndani ya katoni ya biskuti. Konda wa matatu alichungulia katoni, akaamua ni mzigo, akatoza. Paka alipolia, konda akaamua ni abiria, akataka kutoza tena. Nilifikiria kumpa jina la Kikuria, nikaghairi. Ukisimama mlangoni jioni hapa Kehancha ukaita "Mwita!", nusu ya steji ya bodaboda itaitika, ukisahihisha ukaita "Chacha!", itaitika ile nusu iliyobaki. Basi nikamwita Forodha, kwa sababu hakuna mfuko unaoingia nyumbani kwangu bila yeye kuukagua. Wa sukari huunusa akaupitisha. Wa omena huukagua upya hata baada ya kuwa mtupu.

Sasa madoa. Yalikuwa ya kahawia, yamekolea pembeni na kupauka katikati, mengine madogo yaliyojipanga, mengine yameburuzwa kama mtu aliyesaini akiwa na haraka. Aliyeyaacha hakuwa siri. Yalikuwa kwenye mikono ya kochi analolalia Forodha, kwenye dirisha anakopitia, na kwenye foronya ya mto ambao aliupokonya siku ya kwanza na hadi leo sijarudishiwa. Swali halikuwa nani. Swali lilikuwa nini. Paka ametoka nje, ameingia ndani, ameacha kitu, kitu gani?

Na hapo ndipo palipokuwa na kioja. Forodha alipita juu ya kitambaa mchana, mimi nikakitazama, nikakikuta cheupe. Jioni nikakitoa kwa ajili ya vumbi tu, nikakifua kwa sabuni ya unga, nikakisuuza, nikakianika. Asubuhi nakianua, kina madoa. Yaani kitambaa kiliingia kwenye beseni kikiwa na vumbi, kikatoka na hatia. Katika maisha yangu nimezoea nguo kuingia na doa ikatoka bila doa, au ikatoka na doa lilelile kwa sababu ya uvivu. Nguo inayokwenda kuchafukia ndani ya sabuni sikuwahi kuisikia.

Nilimpigia mamangu simu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hakimiliki. Sikuwa nimemaliza kueleza.

"Bado hujaoa," akasema.

"Mama, nazungumzia madoa."

"Hata mimi."

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa maombi, alikuja bila kuitwa, kwani ukuta wetu ni mwembamba na simu yangu ina sauti. Alikemea madoa, akakemea dirisha, akamkemea na paka. Forodha alikaa kitako akamsikiliza kwa adabu mpaka "amina", kisha akaenda kuukagua mkoba wake. Kesho yake madoa yalikuwa yameongezeka, na jirani akasema hiyo ndiyo dalili kwamba adui ameguswa.

Nikaona niende kwa sayansi. Kijana wa agroveti pale sokoni alimweka Forodha juu ya kaunta, kati ya mbegu za mahindi na dawa za kupe, akaanza kunieleza mahali paka anapovujia. Mpaka anamaliza, nilikuwa nashangaa paka anabakije na kitu ndani. Machozi ya paka yana kemikali ambayo ikikauka hugeuka wekundu wa kutu, ndiyo ile michirizi unayoiona pembeni mwa pua. Kidevu kina tezi za mafuta, na zikiziba anapata chunusi kabisa, vile vipunje vyeusi vinavyofanana na uchafu. Masikio yakiingiliwa na utitiri hutoa nta nyeusi iliyokatikakatika, na paka akitikisa kichwa huirusha ukutani. Chini ya mkia kuna vifuko viwili vya maji ya kahawia yanayonuka shombo la samaki. Paka akishtuka au akilala fofofo yanaweza kumdondoka. Nyayo zenyewe hutoa jasho, maana mwili wa paka karibu wote hautoi jasho ila pale chini ya miguu.

"Lakini mwalimu, tuanze na hiki," akasema, akapitisha kitana chembamba mgongoni mwa Forodha, akakigonga juu ya karatasi ya shashi. Zikaanguka punje ndogo nyeusi. Mimi nikasema ni vumbi la Kehancha. Yeye akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja juu ya karatasi, akaniambia nisubiri. Punje zikaanza kulowa, na kuzunguka kila punje kukatokea duara jekundu.

"Hiyo ni damu," akasema kwa furaha ya mtu ambaye duka lake lina jibu. "Kiroboto anakunywa damu, anainya hapohapo. Vumbi ukililowesha linakuwa tope. Hii ukiilowesha inarudi kuwa damu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walikuwa na paka. Nilinunua dawa, na kijana akanionya jambo ambalo naliandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye paka na ng'ombe katika boma moja: usimwogeshe paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe wala ya mbwa bila kuuliza. Baadhi zina permethrini, ambayo ng'ombe huivumilia na mbwa huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja vizuri, naye anaweza kutetemeka hadi kufa. Dawa ya paka ni ya paka.

Viroboto wakaisha. Vile vidoadoa vyeusi vya kwenye mto vikaisha navyo. Madoa ya kahawia yakaendelea kama ambaye hakuhusika na kesi hiyo.

Wakati huo ndipo mwenye nyumba alipopata habari. Sijui nani alimwambia, lakini nakumbusha kwamba ukuta wetu ni mwembamba. Alikuja na daftari. Ni mzee mpole, wa kusalimia kwanza na kuuliza habari za shule na za wazazi, na salamu zake zikiisha unakuta tayari amehesabu kila kitu chumbani. Alisimama mlangoni akaonyesha kwa kalamu: kwenye kona ya ukuta, kiasi cha kimo cha goti kushuka chini, kulikuwa na alama ya kahawia yenye mafuta. Kona ya pili, alama. Mguu wa meza, alama. Kisha akainua kalamu juu: kwenye silingi kulikuwa na duara kubwa la kahawia lenye kingo zilizokolea.

"Mwalimu," akasema, "huyu paka wako anapaka rangi."

Kuhusu zile kona, mzee alikuwa na haki. Paka ana tezi za harufu mashavuni, na anapojisugua kwenye kona za nyumba, kitendo ambacho sisi tunakiita mapenzi, anaweka sahihi. Ni mafuta kidogo tu, hayaonekani. Lakini akisaini palepale kila anapopita, mafuta hushika vumbi, na vumbi la kwetu halihitaji kubembelezwa. Alama hukaa kwenye kimo cha shavu la paka, si juu zaidi, si chini zaidi; ndiyo maana zote zilikuwa zimenyooka sawasawa kana kwamba zimepimwa kwa rula. Hiyo nilikubali.

Silingi nilikataa. Nilimwita fundi, akapanda, akatoa kichwa nje ya tundu la dari, akatangaza kwamba kuna misumari miwili ya bati iliyolegea na kwamba mbao zimelowa. Doa la mvua hujitambulisha lenyewe: hupanuka kila mvua inaponyesha na kuacha pete juu ya pete, kama mti unaohesabu miaka yake. Paka hakojoi kwa pete. Mwenye nyumba alimsikiliza fundi, akafunga daftari, akasema silingi tutaizungumza. Vitambaa vyangu, akaongeza, ni ushahidi kwamba mnyama ni mchafu, na kochi la chini ni la nyumba.

Hapo nikaona nimeshtakiwa, na mshtakiwa hutafuta vyombo. Nina rafiki mwenye kibanda cha kutuma na kupokea pesa za simu. Ana taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti, aliyoinunua baada ya ule msukosuko wa 2019, Benki Kuu ilipozifuta noti za zamani za shilingi elfu moja na kila mtu akawa anaitazama noti kwa jicho la kumshuku mwenyewe aliyeileta. Mwanga wa taa hiyo ni ule ambao mwanafizikia Mmarekani Robert Williams Wood alitafuta njia ya kuuchuja kwa kioo cheusi mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu 1925 madaktari wanautumia kutambua choa cha kichwani, na madaktari wa mifugo hadi leo wanammulika nao paka kwa sababu hiyohiyo. Na mkojo wa paka, hata uliokauka, ukimulikwa gizani hung'aa kimanjano-kijani. Nikasema leo ndiyo leo.

Nilisubiri usiku, nikazima taa zote, nikawasha ile ya zambarau. Nyumba nzima ikawaka. Vitambaa viliwaka buluu-nyeupe. Shati langu likawaka. Foronya, pazia, taulo, vyote vikawa kama viko disko la harusi. Kumbe sabuni za unga zimetiwa dawa ya kung'arisha, ambayo kazi yake ni kuula mwanga usioonekana na kuutoa tena ukiwa buluu, ili jicho lidanganyike kwamba nguo ni nyeupe zaidi. Kwa hiyo nilipotafuta chenye hatia, kila kilichokuwa safi kiling'aa, na madoa peke yake yalibaki giza totoro. Nyuma ya mlango, kwenye sakafu, kulikuwa na kiduara kimoja cha kimanjano. Nikainama nikanusa. Hiyo ilikuwa kesi ya zamani, ya utotoni, na sheria huwahurumia watoto.

Kwa hiyo si mkojo. Damu nayo haing'ai, nikamkagua Forodha kuanzia masikio hadi kucha, sikuona jeraha. Jirani yangu, aliyeona mwanga wa zambarau ukizungukazunguka nyumbani kwangu usiku wa manane, hakunisalimia kwa wiki.

Aliyefungua njia ni mzee mmoja aliyelima tumbaku tangu ujana wake, na sasa ameingia kwenye ule mradi wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa wa kuwahamisha wakulima wa Migori kutoka kwenye tumbaku hadi kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Tumbaku ameiacha, lakini tumbaku haijamwacha. Ukimpa doa, ataanza nayo. Alikishika kitambaa, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakinusa, akanirudishia.

"Ningesema ni utomvu wa tumbaku," akasema. "Jani bichi lina manyoya, na manyoya yanatoa gundi. Ukivuna asubuhi, saa nne mikono imekuwa myeusi, inanata, hata ugali unakushinda kuufinyanga. Paka akilala kwenye majani mabichi, atakupakia kochi."

"Basi ni hiyo, mzee."

"Si hiyo. Haina harufu. Halafu tumbaku haina subira, mwalimu, inakuchafua palepale na unaiona. Wewe umesema kitambaa kilikuwa cheupe, kikafuliwa, ndipo kikachafuka. Kuna utomvu wa leo na kuna utomvu wa kesho." Akaangalia nyuma ya nyumba kupitia dirisha analopitia Forodha. "Hii migomba ni ya nani?"

Migomba ilikuwa ya mwenye nyumba.

Tulitoka tukazunguka. Mgomba huzaa mara moja tu maishani. Mkungu ukikatwa, shina hukatwa pia ili machipukizi yapate nafasi. Mwenye nyumba alikuwa amevuna mikungu kadhaa na kukata mashina kwenye kimo cha kiuno, kisha akayaacha yasimame. Juu ya kila kisiki maji ya mgomba yalikuwa yamepanda na kujaa katikati, maangavu kabisa. Na kando ya kimoja, kwenye ganda laini, kulikuwa na mikwaruzo mipya ya kucha, mistari minne minne, mingine ikidondosha matone.

Hatukusubiri sana. Forodha alitoka dirishani, akatupita bila kutusalimia, akaruka juu ya kisiki, akaweka mikono yote miwili ndani ya maji, akanywa. Alipotosheka akageuka, akanoa kucha kwenye ganda, akajifuta kidogo kwa ulimi, akarudi dirishani. Nilimkimbilia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kochi, akakanyaga, akakanyaga tena, akazunguka, akalala. Nikamwondoa nikatazama kitambaa. Kilikuwa na unyevu kidogo, na kilikuwa cheupe.

Mwalimu hafundishi asichokijaribu. Nilichukua vipande vitatu vya shuka kuukuu. Cha kwanza nikakidondoshea maji ya kisiki nikakiacha. Cha pili nikakidondoshea, nikakifua kwa sabuni. Cha tatu nikakidondoshea nikakianika kikiwa kibichi kwenye waya wangu wa kuanikia, ambao una kutu. Nikalala. Asubuhi cha kwanza kilikuwa na doa hafifu la hudhurungi. Cha pili kilikuwa na doa lilelile la vitambaa vya mamangu, limekolea pembeni. Cha tatu, pale kilipogusa waya, kilikuwa na alama nyeusi ti.

Sababu yake ni hii. Utomvu wa mgomba umejaa tanini na ndugu zake. Ukiwa ndani ya shina ni maji tu. Ukikutana na hewa, kimeng'enya kilekile kinachoifanya ndizi iliyomenywa ibadilike rangi huanza kazi, na rangi inajijenga taratibu ndani ya uzi. Sabuni ni alkali, na alkali huharakisha mambo. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nafua nilikuwa namalizia kazi ya paka. Ndiyo maana mkata ndizi yeyote, awe Kisii au Buganda, ana shati lake la kukatia ndizi, na shati hilo halina kazi nyingine duniani. Na tanini ikikutana na chuma cha kutu hutoa weusi usiofutika.

Weusi huo una historia kubwa kuliko waya wangu. Kwa karne nyingi waandishi wa Ulaya waliandika kwa wino wa tanini ya vinundu vya mwaloni uliochanganywa na chumvi ya chuma. Wino huo ulikuwa ukitoka kalamuni umepauka, kisha unakolea kadiri unavyokutana na hewa. Na waandishi hao pia walikuwa na paka. Katika nyaraka za Dubrovnik, Kroatia, kuna daftari la 1445 ambalo mwanahistoria Emir Filipović alilikuta na nyayo nne za paka, nyeusi, zimevuka ukurasa katikati ya shughuli za serikali. Deventer, Uholanzi, karibu mwaka 1420, mwandishi mmoja aliacha kitabu wazi usiku. Asubuhi akakuta paka amekikojolea. Hakutupa ukurasa. Aliliacha doa mahali pake, akachora paka kando na vidole vya kulionyeshea, akaandika laana ya Kilatini na ushauri kwamba vitabu visiachwe wazi penye paka. Mwandishi yule alikuwa na bahati: doa lake lilijulikana asubuhi hiyohiyo, na hakuwa mpangaji.

Nilivibeba vile vipande vitatu hadi kwa mwenye nyumba, nikavipanga juu ya meza yake kwa mfuatano, nikaeleza. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nilipofika kwenye visiki, akainua mkono.

"Ngoja, mwalimu. Unataka kuniambia kwamba paka wako anaingia shambani mwangu bila ruhusa?"

"Mzee, nasema kwamba utomvu…"

"Na anakunywa maji ya migomba yangu."

Alifungua daftari. Nilikaa pale nikitazama kesi yangu ikigeuka mbele ya macho yangu, huku mzee akiandika jambo kwa herufi za taratibu ambazo sikuweza kuzisoma kutoka upande wangu.

Kilichoniokoa hakikuwa hoja. Kijana wa agroveti alipita jioni ile kumletea mzee dawa ya ng'ombe, akaviona vile visiki, akapiga mluzi. "Mzee, unafuga fukusi?" Akamweleza kwamba fukusi wa migomba hutaga na kuzaliana ndani ya visiki vilivyoachwa vimesimama, kisha mabuu hutoboa shina la chini, na mgomba mzima huanguka kwa upepo mdogo. Dawa ni kukata kisiki chini kabisa, kufunika kwa udongo na kukatakata shina vipande vikauke.

Kesho yake kabla ya saa mbili visiki vyote vilikuwa chini, vimefunikwa. Vitambaa vya mamangu havikumgusa mzee hata kidogo. Fukusi walimgusa. Tulimalizana kiungwana: kona za ukuta nikapaka rangi mimi, misumari ya bati akaipigilia yeye, na lile jambo la kwenye daftari hakunitajia tena, ingawa halijafutwa.

Madoa mapya yamekoma. Ya zamani yamekataa. Limau na jua vilinisaidia kwa yale machanga. Dawa ya madoa ilipunguza mengine ikaacha kivuli. Yaliyokomaa yalinitazama tu. Mwishowe nilichukua sufuria kubwa, nikatia maji na majani ya chai mpaka yakawa meusi, nikavipika vitambaa vyote kwa pamoja: vyenye doa na visivyo na doa, na kile nisichojua kinavishwa nini. Tanini ya chai ikaipokea tanini ya mgomba. Vikatoka rangi moja ya asali, imetulia, na madoa yakapotelea humo.

Jirani yangu wa maombi alipoviona aliuliza nimevinunua wapi, Migori au Kisii. Nilipomwambia ni vilevile, alikwenda kwake akarudi na furushi. Siku iliyofuata akaja na dada yake, naye ana lake. Doa likiwa moja ni aibu. Likienea kote huitwa rangi. Natoza shilingi mia moja kwa seti, majani ya chai uje nayo mwenyewe.